Ukikasirika uwanjani, angalia vidole vyako kwanza

Jamani wenzangu mnaojifunza gofu, kuna kitu kimenisaidia sana nataka niwape. Ukishapiga shoti mbovu na hasira ikapanda, angalia mikono yako kwenye fimbo, utakuta vidole vimekaza mpaka vifundo vimekuwa vyeupe, mikono yote imekakamaa hadi mabegani, na hapo hata swingi yako ya kawaida haiji tena kwa hiyo shoti inayofuata nayo inaharibika, ndo hasira inazidi.

Mimi sasa nafanya hivi: nikikosea naruhusu kukasirika mpaka fimbo irudi kwenye begi, ikishaingia basi. Natembea taratibu kuufuata mpira, nikifika natoa pumzi ndefu, nalegeza vidole kama nimeshika ndege mdogo nisimuumize, ndo napiga.

Halafu acheni kuhesabu skoa kila siku, inaumiza bure. Chagua kitu kimoja tu cha kufuatilia kwa mwezi mzima, mfano umepiga puti (zile shoti fupi za kuusukuma mpira shimoni) ngapi kwa mashimo 18, uandike kwenye daftari. Na usijilaumu ukikosa puti ya mita 2 na nusu, hata mapro wa PGA Tour, yale mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, kutoka umbali huo wanakosa karibu nusu, kweli kabisa, sasa wewe wa wikendi unajichukia kwa nini?

Kingine, video za mafunzo chukua moja uifanyie kazi, ukibadilisha gripu (unavyoshika fimbo), miguu na mabega siku moja hutajua kipi kimekuharibia.