Simama kwenye mstari wa pili wa Zaburi 13

Miezi ile ziwa lilipofungwa kwa uvuvi na vichanja vya dagaa hapa Katonga, Kigoma, vikabaki vitupu, mzee mmoja wa kanisa alinionyesha jambo dogo ambalo sijaliacha: soma Zaburi 13 kwa sauti kabla ya kulala, usimame mwishoni mwa mstari wa 2, useme "hata lini" zako mwenyewe ukizitaja moja moja, yaani deni la dukani, sare ya mtoto, injini iliyowekwa rehani, kisha ndipo uendelee hadi mstari wa 6. Zaburi hiyo inauliza "hata lini" mara nne kabla ya kuomba lolote, kwa hiyo aliyechoka hulalamika mbele za Mungu bila kujiona ameasi, na tumaini la mstari wa 5 humkuta ameshatua mzigo. Haisaidii ukiukimbilia mstari huo wa 5, kosa letu wengi, maana tunaona aibu kunung'unika. Usiku ambao sifa hazitoki kabisa, hamia Zaburi 88, ambayo inaishia gizani. Usingizi ukipotea kwa majuma kadhaa, nenda na zahanati pia.