Kupanga mipangilio ya mwalimu katika mchezo wa hisabati wa darasani

Mchezo wa hisabati kwenye kishikwambi humfikia mwalimu ukiwa umepangwa kwa ajili ya mtoto yeyote yule, kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla mwanafunzi hajaugusa, ni kufungua akaunti ya mwalimu na kuingia kwenye mipangilio. Maelezo haya yanatokana na Darasa la Tatu ninalofundisha hapa Igoma, Mwanza, ambako wanafunzi 64 wanapokezana vishikwambi sita. Majina ya vitufe hutofautiana kati ya mchezo na mchezo, lakini mambo ya kupanga ni yale yale.

Anza kwa kuunda darasa na kumpa kila mwanafunzi jina lake la kuingilia, hata kama watoto kumi wanatumia kifaa kimoja. Michezo mingi hupandisha au kushusha ugumu wa maswali kwa kufuata majibu ya anayecheza. Watoto wawili wakitumia jina moja, mchezo huwahesabu kuwa mtu mmoja, na anayejifunza polepole hujikuta akipewa maswali ya mwenzake. Mipangilio yenyewe uifunge kwa neno la siri.

Kisha chagua mada na ukomo wa namba. Usiache mada zote zikiwa wazi. Chagua ile unayofundisha wiki hiyo, kwa mfano kutoa namba za tarakimu mbili, na uweke ukomo wa 99. Kwa maswali ya fedha unaweza kuupandisha hadi 1,000, kwani mtoto anayemsaidia mama yake kuuza dagaa hurudisha chenji ya shilingi 350 kwa aliyenunua dagaa wa 650 bila kushika kalamu, ingawa hesabu hiyo hiyo ikiandikwa ubaoni humtatiza.

Mpangilio ninaomwomba kila mwalimu aushughulikie kwa makini ni muda wa kujibu: uzime mada inapokuwa mpya. Nilipouacha kwenye sekunde kumi, binti mmoja aliyezoea kuhesabu kwa vidole chini ya dawati aliacha kuhesabu, akawa anabonyeza jibu lolote lililo karibu na kidole gumba ili muda usimwishie. Nilipouondoa, alirudi kwenye vidole vyake, na majibu yakaanza kuwa sahihi. Urudishe baadaye, kwa mada wanazozimudu. Orodha ya washindi nayo ni bora ifichwe, maana walio mkiani huisoma kuliko wote.

Vidokezo vionekane baada ya kosa la pili, na sauti izimwe. Hifadhi mabadiliko, kisha ingia kwa jina la mwanafunzi mmoja na ujibu maswali matano mwenyewe kabla ya kugawa vifaa.

Mwisho, kama mchezo unaruhusu, ripoti ioneshe majibu yaliyoandikwa na si alama pekee. Mtoto aliyejibu kwamba 52 − 37 ni 25 hakubahatisha: alitoa 2 kwenye 7 kwa sababu 7 ndiyo kubwa, kisha 3 kwenye 5. Ukiona jibu la namna hiyo likijirudia, usimshushe kiwango. Mfungulie mada ya kutoa kwa kukopa makumi peke yake, maswali kumi bila muda, na ukae naye ukiwa na vifungu vya vijiti kumi kumi, afungue kimoja kwa mkono wake.