Kabla ya kununua pawa saplai, geuza pedali zako chali

Nimepiga gitaa la solo kwa miaka mingi, na siku hizi nawafungia wenzangu mbao za pedali, vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadilisha sauti ya gitaa. Anayekuja kulalamika kwamba gitaa lake linavuma huwa ameshabadilisha waya zote, ameshabadilisha pikapu (kinasa sauti cha gitaa), pengine na amplifaya. Mimi naomba niuone ubao kwa chini. Mara nyingi nakuta adapta moja ndogo, waya wenye matawi sita, na kwenye matawi hayo fazi na distoshoni (pedali za kukwaruza sauti) na dilei ya dijitali (ya kurudia sauti) zinanyonya umeme pamoja. Hapo tunajua pa kuanzia.

Dukani, kununua pawa saplai, yaani kisanduku cha kulisha umeme pedali zote, utakwenda baadaye. Kwanza geuza kila pedali chali, soma kibandiko chake, uandike kwenye karatasi: volti ngapi, miliampea ngapi, hasi iko katikati ya plagi au nje, na umeme wake ni DC (wa upande mmoja, kama wa betri) au AC (wa kupishana, kama wa ukutani). Kibandiko kikiwa kimefutika, tafuta mwongozo wa mtengenezaji. Usikisie.

Kwenye volti hakuna maelewano. Pedali nyingi ni za volti 9. Baadhi ya overdraivu (pedali za mkwaruzo laini) hukubali hadi 18, na zikipewa hizo sauti huwa wazi zaidi na huchelewa kukwaruza, lakini fanya hivyo pale tu mtengenezaji alipoandika kwamba inaruhusiwa. Kuna pedali zenye chipu ya kupandisha volti kwa ndani, mfano MAX1044, ambayo kikomo chake ni volti 10. Ipe 12 na umeiua. Niliwahi kuiua namna hiyo overdraivu ya rafiki yangu: kwenye pawa saplai tundu la volti 12 lilikuwa jirani na la 9, na jukwaa lilikuwa giza. Tangu siku ile nabandika utepe mwekundu kwenye kila plagi isiyo ya volti 9, na nakushauri ufanye vivyo hivyo.

Kuhusu hasi na chanya, utaratibu uliozoeleka ni ule wa kampuni ya pedali ya Boss: hasi katikati, chanya nje. Wengi wameufuata, ila si wote. Fazi za zamani za transista za jemaniamu, kama Fuzz Face za mwanzo za mwaka 1966, zina chanya kwenye bodi ya chuma, mahali ambapo pedali za kawaida zina hasi. Ukiiunga fazi ya namna hiyo kwenye waya wa matawi pamoja na pedali za kawaida, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Ipe tundu lake peke yake na waya wa kugeuza ncha, au iachie betri yake. Angalia pia zinazotaka AC: DL4 ya kwanza ya Line 6 na Whammy 4 ya DigiTech zilikuja na adapta za AC, si za DC, na pawa saplai nyingi hazina tundu la AC hata moja.

Miliampea ndizo zinazowaogopesha watu bure. Wananiuliza, "Tundu lina 500, pedali yangu inataka 10, haitaungua?" Haitaungua. Miliampea za tundu ni maji yaliyomo mtungini, na mwenye kiu hunywa kiasi chake. Taabu huja pale mtungi unapokuwa mdogo. Overdraivu ya kawaida haifiki miliampea 20, lakini riverbu (pedali ya mwangwi) kubwa ya dijitali kama BigSky ya Strymon inataka angalau 300, na HX Stomp ya Line 6 huja na adapta yake ya ampea 3. Ukiiweka BigSky kwenye tundu la 100 inaweza kukataa kuwaka, au ikawaka kisha ikajizima katikati ya wimbo. Kwa hiyo usidanganywe na jumla iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Soma uwezo wa kila tundu, ulinganishe na karatasi yako, pedali moja moja. Mimi huacha robo ya uwezo wa tundu bila kuguswa, kwa sababu pedali za dijitali huvuta zaidi zinapowaka.

Sasa ule mvumo, na hapa ndipo ningependa uweke pesa zako.

Pedali mbili zilizo jirani tayari zimeshikana kwa waya wa sauti, kwa sababu ule wavu wa nje wa waya ndio hasi ya zote mbili. Ukizilisha kutoka adapta moja, hasi zinashikana tena kwa njia ya pili, kupitia waya wa umeme. Umetengeneza mzunguko, na mzunguko huo unanasa mvumo wa umeme wa ukutani. Juu ya hapo, dilei ya dijitali haivuti umeme kwa utulivu. Prosesa yake inavuta kwa midundo ya kasi sana, na midundo hiyo inarudi kwenye adapta kupitia hasi ileile inayotumiwa na distoshoni. Distoshoni kazi yake ni kukuza kila kinachoingia, basi inaukuza na uchafu huo. Ndiyo ile filimbi nyembamba unayoisikia ukiacha kupiga.

Dawa yake ni pawa saplai yenye matundu yaliyotengwa, yaani kila tundu lina chanzo chake na hasi yake, lisilojuana na jirani. Zuma ya Strymon ina matundu 9 ya namna hiyo, kila moja miliampea 500. Pedal Power 2 Plus ya Voodoo Lab ina 8, mengi yakiwa ya uwezo mdogo, na inatosha vizuri kwa ubao wa analogi. Kama una pedali tatu tu, zote za analogi, waya wa matawi unaweza kukutosha kabisa. Usinunue kitu kikubwa kwa sababu jirani anacho.

Neno "yaliyotengwa" linaandikwa hata pale lisipo kweli. Lipime. Chomoa pawa saplai ukutani, weka multimita kwenye kipimo cha mlio, kisha ingiza ncha moja kwenye kitobo cha plagi ya tundu la kwanza na nyingine kwenye kitobo cha plagi ya tundu la pili. Ikilia, hasi hizo ni moja, hayakutengwa. Ikinyamaza, jaribu jozi nyingine mpaka uyamalize yote.

Ukisafiri, soma pia volti za ukutani ambazo pawa saplai yako inazikubali: Japani ni 100, Marekani 120, Ulaya 230. Inayokubali 100 hadi 240 huna haja ya kuifikiria.

Pawa saplai zenye transfoma ya chuma ni nzito, na sumaku yake husikika kwenye pedali ya waa, kwa sababu ndani ya waa mna koili inayoinasa kama pikapu. Kwa hiyo usiifunge mara moja. Iweke chini ya ubao bila skrubu, washa kila kitu, pandisha geini (kiasi cha kukuza sauti) ya distoshoni, kanyaga waa, kisha isogeze taratibu kushoto na kulia ukisikiliza. Kuna mahali mvumo utazama. Weka alama ya penseli hapo, ndipo utoboe.