Mazoezi ya ultramarathoni kwenye njia za Kilimanjaro: anza na kushuka

Wanaokuja Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, kujiandaa kwa ultramarathoni za milimani, yaani mbio zinazozidi kilomita 42 za marathoni, karibu wote huniuliza watapandaje. Mimi huwauliza watashukaje. Kutoka kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, hadi lango la hifadhi la Marangu, mita 1,870 hivi, ni kilomita zipatazo 20 za kuteremka. Mara ya kwanza nilipozikimbia nilijiachia tu, nikiona nimepata bure. Kesho yake ngazi mbili za barazani nilizishuka kinyumenyume huku nimeshika ukuta. Pumzi ilikuwa nzima kabisa, ila mapaja yalikuwa hayanibebi.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anakimbia kilomita 20 bila maumivu na ana miezi minne ya kujiandaa.

Hatua ya 1: Pima damu

Nenda hospitali, waombe wapime wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma. Mlimani oksijeni ni asilimia 21 ya hewa kama ilivyo Tanga, lakini mgandamizo wa hewa unapungua, hivyo kila pumzi inaingiza kidogo. Pale kileleni Uhuru, mita 5,895, unapata karibu nusu tu ya unayoipata pwani. Mwili hujibu kwa kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu, kazi inayochukua wiki kadhaa, na bila madini ya chuma haina malighafi. Kula maini, dagaa na maharage, na chungwa pembeni. Chai iache mpaka saa moja ipite baada ya chakula, kwa sababu inazuia chuma kisifyonzwe. Vidonge vya chuma usimeze kabla ya kupata majibu.

Hatua ya 2: Panda kwa kutembea (wiki ya 1 hadi ya 6)

Huhitaji kuingia hifadhini bado. Barabara ya kutoka Marangu Mtoni hadi langoni, kilomita tano hivi, inatosha, na siku za mapumziko kimbia taratibu kwenye vijia vinavyofuata mifongo, mifereji ya maji ya Wachagga, katikati ya vihamba, mashamba yao ya migomba, maana mfereji hufuata usawa wa kilima.

Kipimo changu cha kasi ni salamu. Ukikutana na mzee, mwamkie: "Shikamoo mzee, habari za nyumbani?" Ukiimaliza sentensi bila kukatisha, endelea kukimbia. Pumzi ikikatika katikati, tembea. Tembea kwa nguvu, viganja juu ya mapaja, hatua fupi. Kwenye mwinuko mkali anayetembea vizuri na anayekimbia kwa kuhema hufika pamoja, tofauti ni kwamba mmoja bado ana akiba. Panda hivyo mara tatu kwa wiki.

Hatua ya 3: Jifunze kushuka (wiki ya 4 hadi ya 13)

Hapa ndipo uweke moyo wako. Unaposhuka, msuli wa mbele wa paja hukaza huku unarefushwa, na kazi hiyo ndiyo inayouchana. Habari njema ni kwamba ukiuchosha kidogo leo, utavumilia zaidi wiki ijayo.

Anza na dakika 10 za mteremko wa wastani, mara moja kwa wiki. Ongeza dakika tano kila wiki, na kila wiki ya nne ya mazoezi haya punguza nusu. Piga hatua fupi za haraka, magoti yakiwa yamelegea. Macho yatazame mita tatu au nne mbele, mikono ipanuke kidogo. Usiegemee nyuma. Anayeegemea nyuma hutua kwa kisigino mbele ya mwili, na kila hatua inakuwa breki.

Sikiliza viatu vyako. Mimi hukaa nyuma ya mwanafunzi wangu nikisikiliza tu. Kikisikika kishindo, paa, paa, namsimamisha, tunarudi juu mita 50, tunaanza upya. Akishuka vizuri nasikia mchakacho mwepesi wa majani. Kwenye msitu wa kuelekea Mandara, kambi ya kwanza juu ya lango, mizizi huteleza sana ikilowa. Kanyaga katikati ya mizizi, kamwe usikanyage juu yake. Na kata kucha siku mbili kabla, funga kamba kwa nguvu karibu na kifundo, vidole visigonge mbele.

Hatua ya 4: Panda juu zaidi (wiki ya 8 hadi ya 13)

Sasa lipia kibali cha hifadhi na uwe na mwongozaji aliyesajiliwa. Safari ya siku moja hadi Mandara, mita 2,720, ni mwanzo mzuri. Baadaye lala Mandara, kisha Horombo usiku mbili. Ukivuka mita 3,000, ambako wengi huharakisha, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Mandara hadi Horombo inazidi hapo, ndiyo maana usiku wa pili Horombo hauna mjadala.

Kichwa kikiuma na tumbo likichafuka, usipande tena. Mwenzako akianza kuongea ovyo, mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole. Akiyumba, au akihema akiwa amekaa, mshusheni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Hatua ya 5: Kula ukiwa njiani

Lenga gramu 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 25, kwa hiyo ndizi mbili na maji ya glukosi yanatosha. Zoeza tumbo mazoezini. Juu hamu ya kula hupotea, basi weka saa ikukumbushe kila dakika 20.

Hatua ya 6: Wiki za mwisho

Mteremko mkubwa wa mwisho ufanye siku 14 hadi 21 kabla ya mbio. Uvumilivu ambao misuli imeupata kwa kushuka hudumu wiki kadhaa, lakini msuli uliochanika unahitaji muda kupona. Baada ya hapo kimbia tambarare kwa nusu ya kilomita zako za kawaida, na siku 10 kabla ya mbio shuka dakika 15 tu, taratibu, ukisikiliza viatu.