Somo: Kutoa beringi iliyogoma kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ya pikipiki

Wiki hii nimeulizwa jambo hili mara nne, na mara mbili habu ilikuwa imeshapasuka kabla sijaulizwa. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Niko Kisumu, upande wa Kondele, na boda nyingi ninazopokea zinatoka Ahero, kwenye njia za mashamba ya mpunga ambako gurudumu huzama hadi ekseli. Maji yakiingia, kutu huishikisha beringi na habu.

1. Stendi kubwa, fungua ekseli, toa gurudumu. Piga picha bushi (vipande vya bomba vinavyovaliwa na ekseli) zilivyopangana.

2. Toa sahani ya breki, sproketi (gia ya cheni) na raba zake.

3. Ng'oa sili (raba ya kuzuia maji), sugua matope kwa brashi, kisha tafuta saklipu, ile pete ya waya inayoshikilia beringi isitoke. Pikipiki nyingine zinayo, nyingine hazina. Ikiwepo, itoke kwanza. Grisi isiguse pale viatu vya breki vinaposhika.

4. Pasha moto kabla ya nyundo. Hapa ndipo nilipoharibu. Nikiwa bado mgeni kazini, nililetewa gurudumu na ndugu mmoja mwenye haraka. Nikapiga beringi ikiwa baridi, tena upande mmoja tu. Ikalala mshazari ndani ya kiti chake, yaani shimo la habu linaloibana. Nikaongeza nguvu. Pete ya ndani ikatoka na gololi zake, ya nje ikabaki. Nikaichokoa kwa patasi na kuikwangua alumini. Beringi mpya ikaingia kwa kusukumwa na kidole, na siku chache baadaye gurudumu likaanza kuyumba. Hakuanguka, namshukuru Mungu. Habu nyingine niliinunua mimi, na spoki zikafumwa upya kwa pesa yangu.

Kwa hivyo: laza gurudumu juu ya mbao mbili, habu ikae juu ya uwazi. Chemsha birika la maji, mwagia habu pole pole kuzunguka kiti cha beringi, rudia mara mbili. Pitisha nondo ndefu kutoka upande wa pili, sukuma bushi ya katikati kando hadi uone ukingo wa pete ya ndani. Gonga hapo, kisha ng'ambo yake, kisha katikati ya hizo mbili. Zunguka. Ikigoma, ongeza maji moto, usiongeze nyundo. Na USITUMIE moto wa gesi: alumini haigeuki nyekundu kukuonya, inayeyuka ghafla, na ya habu huanza hata kabla ya digrii 660.

5. Pete ya nje ikibaki, weka patasi chini. Mwite mtu wa welding apitishe mstari mmoja ndani ya pete, alumini ikiwa imefunikwa kwa kitambaa chenye maji. Ikipoa pete hujikaza na kuachia kiti.

6. Kurudisha: piga pete ya nje pekee. Upande mmoja ufike mwisho, weka bushi ya katikati, kisha upande wa pili uishie unapogusa bushi. Ukisahau bushi, kukaza ekseli kutaua beringi zote mbili.

MASWALI

Bondo: Fundi, nimepiga tangu asubuhi haitoki. Nifanye nini?
— Soma hatua ya 4. Yote.

Nakuru: Mimi natumia gesi miaka yote na sijawahi kuyeyusha habu. Unaogopesha watu bure.
— Ndugu, mkono wako umezoea. Kijana anayesoma hapa hana huo mkono, na habu si yake, ni ya mtu anayelisha watoto nayo. Sitabadilisha.

Kakamega: Samahani fundi, beringi nayo si chuma? Kwa nini isitanuke pamoja na habu ibaki imebana vile vile?
— Swali zuri sana, mdogo wangu. Zote hutanuka, lakini alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua beringi ya namba 6302, kipenyo chake cha nje ni milimita 42. Joto likipanda digrii 70, kiti kinaipita beringi kwa kama sehemu 3 za mia za milimita. Ni kidogo kuliko unene wa unywele, lakini ndicho kilichokuwa kinabana. Wakati wa kurudisha fanya kinyume: beringi mpya ilale kwenye friza ikiwa ndani ya karatasi yake. Mimi namwomba mama wa soda jirani.

Ahero: Dukani kuna ya ZZ na ya 2RS. Ipi inafaa kwa matope yetu?
— 2RS, mama. Ina mfuniko wa raba pande zote mbili. ZZ ni bati tu, vumbi haliingii sana lakini maji yanapita. Soma namba kwenye beringi ya zamani, usikisie kwa macho.

Bondo: Pesa ngapi?
— Uliza duka la spea. Umeshamwaga maji?

Mumias: Nikiwa nimefungua hapo, raba za sproketi zimelegea na mpya sina.
— Kata tyubu kuukuu vipande, zungushia kila raba hadi ziingie kwa kubana. Zitakusogeza wiki kadhaa, na cheni itaacha kugonga ukiachia klachi.

Bondo: Imetoka!
— Safi. Sasa angalia kiti kabla ya kununua mpya.