Notisi ya siku 90: jinsi ya kuiweka halmashauri mezani kabla ya kesi

Katapila la halmashauri likichimba mtaro na kuondoka na ukuta wako, usiridhike na "andika barua tutaiangalia". Andika notisi. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kirumba, Mwanza, na karatasi hizi ndizo kazi yangu.

Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inakutaka utoe notisi isiyopungua siku 90, ukitaja madai na msingi wake, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya 2020 utaratibu huo unazibana halmashauri pia. Shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu asipounganishwa linabatilika. Yaani ukuta wa mtaani Mabatini unapanda mpaka Mahakama Kuu! Watu wengi huzilalamikia hizo siku 90. Mimi nazipenda, kwa sababu ndani yake bado mnaweza kuongea.

Weka tarehe, mahali, picha, barua ya mwenyekiti wa mtaa, na makadirio ya fundi yaliyosainiwa. Hasira iache nyumbani. Kisha ongeza aya ambayo wengi hawaiandiki: hesabu ya kuchelewa. Deni la hukumu huenda na riba, kwa kawaida 7% kwa mwaka. Ukidai milioni 40, hiyo ni 2,800,000 kila mwaka, mbali na gharama za kesi, posho za mashahidi na mafuta ya gari. Na dalali wa mahakama haruhusiwi kukamata mali ya halmashauri, kwa hiyo hukumu inaweza kukaa kwenye faili huku riba inatembea. Fedha hiyo inatoka kwenye mapato ya ndani, ukiwemo ushuru anaolipa mama muuza dagaa sokoni.

Mwanasheria kijana wa halmashauri moja ya kanda hii aliwahi kuniambia, "Mayu (yaani mama, kwa Kisukuma), nikisaini maridhiano mkaguzi ataniuliza nani kaniruhusu. Nikishindwa kesi, namwonyesha hukumu, yameisha."

"Sasa mwanangu, hiyo riba analipa nani?"

Alicheka, akalivuta faili karibu.

Hapo ndipo penye shida. Tukibana sana uwezo wa kumaliza madai kwa maelewano, tunamlinda anayesaini na kuutoboa mfuko. Sikatai udhibiti, bila huo wajanja wangegawana hazina kwa jina la suluhu. Lakini kibali kinachokaa miezi mezani nacho ni gharama, ila hakina risiti.

Kwa hiyo mrahisishie huyo kijana. Ambatanisha rasimu ya hati ya maridhiano. Omba kwa maandishi suala lako lipelekwe kamati ya fedha na kwa Mwanasheria Mkuu kupata kibali, ili atakaposaini awe na karatasi ya kumwonyesha mkaguzi. Pendekeza malipo kwa awamu: sehemu kabla ya Juni 30, iliyobaki baada ya Julai 1, mwaka mpya wa fedha ukianza. Notisi inayofika Novemba, bajeti ikiwa bado inapikwa, ina bahati kuliko ya Mei. Ila usingoje msimu mpaka ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua shauri, ukupite. Madai ya uharibifu wa namna hii yana miaka 3 tu.

Peleka mwenyewe masijala. Nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe, utazame tarehe yenyewe, maana kuna mihuri ambayo haijazungushwa tangu juzi. Piga picha hapohapo. Nakala ya Mwanasheria Mkuu ukiituma kwa posta, itume kwa rejista na utunze stakabadhi.

Mkifika mezani, kataa kifungu cha kuyafanya makubaliano kuwa siri. Kiasi na sababu vijulikane kwa madiwani, wajue katapila lile linawagharimu nini kila msimu wa mvua. Punguza kidogo kwenye fidia ya usumbufu ukitaka, lakini usiguse gharama za fundi.

Kesi ikiwa imeshafunguliwa, hati isajiliwe mahakamani iwe amri. Ikiwa bado, andikeni tarehe za malipo na kitakachofuata zikipita. Kisha nakala moja ifikishe kwa mweka hazina kwa mkono wako, kwa sababu faili likibaki kitengo cha sheria, malipo hayaandaliwi.