Misuko, matundu na rangi mbili: kufuma sweta kwa sindano

Kwa sweta la mtoto wa kuvaa asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma, upepo unapokata, anza kujifunza misuko, yaani vitanzi vinavyopishana kama nywele zilizosukwa. Vitanzi vikipandana kitambaa kinakuwa kizito, na kosa la msuko hurekebishika bila kufumua kazi nzima.

Chukua uzi wa unene wa kati, rangi nyepesi (kwenye nyeusi huoni kitu), na sindano za milimita 4.5. Sindano ya tatu, fupi, kata kijiti cha mshikaki na ukisugue kwa msasa hadi kisishike uzi.

Kwa kipande cha kujifunzia, anzisha vitanzi 14. Kitanzi cha mbele hufumwa uzi ukiwa nyuma ya kazi, cha nyuma uzi ukiwa mbele. Upande wa uso fuma 4 vya nyuma, 6 vya mbele, 4 vya nyuma. Ukigeuza kazi, fuma 4 vya mbele, 6 vya nyuma, 4 vya mbele. Rudia hadi mistari 4 itimie. Mstari wa 5, fuma 4 vya nyuma, hamishia vitanzi 3 kwenye kijiti ukiache mbele ya kazi, fuma 3 vinavyofuata, kisha fuma vile 3 vya kijitini, umalizie 4 vya nyuma. Msuko utalalia kushoto. Kijiti kikikaa nyuma ya kazi, unalalia kulia. Pishanisha vitanzi tena mstari wa 11, wa 17, kila baada ya mistari 6, daima upande wa uso.

Kosa la kawaida ni kuweka kijiti nyuma ya kazi badala ya mbele, au kinyume chake. Angusha vitanzi 6 vya msuko peke yake hadi mstari ulipokosewa, vipange upya, kisha vipandishe mstari kwa mstari kwa sindano ya kroshia.

Kosa linaloumiza zaidi ni sweta kubana, kwa sababu msuko huvuta kitambaa ndani. Fuma kipande kimoja kisicho na msuko na kingine chenye msuko, idadi ileile ya vitanzi, uvipime upana kwa futi kamba. Upungufu wa kile chenye msuko ndio wa kufidia kwa vitanzi vya ziada kabla hujaanza sweta.

Matundu ni hesabu tu. Kwa vitanzi 20: kimoja cha mbele, kisha mara 9 zungusha uzi kwenye sindano na fuma viwili pamoja, malizia kimoja. Mstari wa kurudi, vyote vya nyuma. Hesabu kila ukirudi. Vikiwa 19, umesahau kuzungusha uzi mahali fulani. Kila mistari 8 pitisha uzi wa cherehani ndani ya vitanzi vyote. Ukilazimika kufumua, kazi itasimama hapo. Uzi wa akriliki usiupige pasi: ukipata moto unalegea na haurudi tena.

Kwa rangi mbili, uzi usiotumika hupita nyuma ya kazi. Usiupitishe zaidi ya vitanzi 5 bila kuukamata kwa uzi mwenzake, maana vidole vya mtoto vitanasa humo. Kabla ya kubadili rangi, tandaza vitanzi vya sindano ya kulia. Ukivuta vikiwa vimebanana, kitambaa kinajikunja. Rangi moja ipite chini ya nyingine tangu mwanzo hadi mwisho, na iwe ile ya maua (michoro), kwani inayopita chini ndiyo huonekana zaidi. Nyekundu na nyeupe zisikutane kabla hujaloweka kipande cha nyekundu kwenye maji ya vuguvugu pamoja na kitambaa cheupe usiku kucha, uone kama inachuja rangi.